Fahamu: Bunduki iliyouzwa dola 862,500 na safari yake ya Nzoia

Mwaka 2010, bunduki ya marisau ya mitutu miwili iliuzwa mnadani katika jimbo la Maine, Marekani, kwa dola 862,500. Chuma na mbao hazifiki bei hiyo. Kilichonunuliwa hasa ni jina la mmiliki wake wa kwanza, Theodore Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani.

Kampuni ya A.H. Fox ya Philadelphia ilimzawadia bunduki hiyo mwaka 1909, alipokuwa akijiandaa kwa safari yake ya uwindaji Afrika Mashariki. Novemba mwaka huo alikuwa Uasin Gishu, akisaka ndovu pande za mto Nzoia pamoja na Carl Akeley wa makumbusho ya New York. Ni mto uleule unaopita Webuye. Baadaye bunduki ilirithiwa na mwanawe, Kermit, aliyekuwa naye safarini.

Wakusanyaji wa silaha kama hizo huhitaji ushahidi wa kila mkono uliopokea silaha: namba iliyochongwa, daftari la kiwanda, barua, picha. Pengo moja, na bei hushuka vibaya.

Lakini si kila bunduki yenye historia ina ushahidi huo. Bunduki za Wabukusu, wenyeji wa pande hizo za Nzoia, waliopambana na Waingereza ngomeni Chetambe mwaka 1895 zilikuwa na historia nzito zaidi, kwa maoni ya wengi wa huko. Baadhi zilitoka kwa askari wa Kisudani waliotoroka, na jaribio la Waingereza kuzirudisha kwa nguvu lilichangia kuwasha vita. Hakuna karani aliyezinakili namba zake.