Uchunguzi wa Miunganisho Inayongoja katika Soketi za Seva: Pengo kati ya Kuuliza na Kupokea

1.0 Utangulizi

Programu ya seva huwa na kazi mbili zinazogombania muda wake: kuwahudumia wateja waliokwisha kuingia na kuwapokea wanaopiga hodi. Inapotumia uzi mmoja tu wa utekelezaji, haiwezi kukaa mlangoni ikimngoja mgeni mpya, kwa kuwa waliomo ndani watakosa huduma. Ndiyo sababu huuliza kwanza kama kuna muunganisho unaongoja, kisha ndipo iupokee. Makala hii inafafanua namna uchunguzi huo unavyofanyika katika mifumo ya jamii ya Unix, na inajenga hoja kwamba jibu la uchunguzi ni taarifa ya hali iliyokuwapo, wala si ahadi ya hali itakayokuwapo. Msimbo unaolichukulia jibu hilo kuwa ahadi unaweza kusimamishwa wote na mteja mmoja aliyeondoka mapema.

2.0 Mahali Miunganisho Inapongojea

Kiolesura cha soketi kilienea kupitia mfumo wa 4.2BSD, uliotolewa mwaka 1983. Seva huunda soketi, huifungamanisha na anwani pamoja na namba ya mlango, kisha huita listen. Kuanzia hapo, mapatano ya hatua tatu ya itifaki ya TCP hufanywa na kiini cha mfumo endeshi, si na programu yenyewe. Kiini hutenga miunganisho ambayo mapatano yake hayajakamilika na ile iliyokamilika ambayo inangoja kupokelewa. Wito wa accept huchukua muunganisho wa kwanza katika kundi hili la pili. Kwa hiyo, kungoja hapa kuna maana mahsusi: kwa upande wa mteja muunganisho umekwisha kamilika, naye anaweza hata kuwa ametuma data, ilhali programu ya seva bado haina habari naye.

Foleni hiyo ina kikomo. Katika Linux, tangu toleo la 2.2, namba inayopewa listen huhusu miunganisho iliyokamilika pekee, nayo hubanwa na kigezo cha somaxconn, ambacho chaguo-msingi lake lilikuwa 128 hadi lilipopandishwa kuwa 4096 katika toleo la 5.4. Msimamizi wa seva anaweza kuikagua foleni kwa amri ya ss -lnt: kwa soketi inayosikiliza, safu ya Recv-Q huonyesha idadi ya miunganisho inayongoja, na Send-Q huonyesha kikomo.

3.0 Kuuliza bila Kukwama

Programu yenyewe kwa kawaida haiulizi idadi. Huuliza tu kama yupo anayengoja. Nyenzo zake ni select na poll, pamoja na epoll katika Linux na kqueue katika FreeBSD. Soketi inayosikiliza huhesabiwa kuwa tayari kusomwa pindi foleni inapokuwa na angalau muunganisho mmoja. Muda wa kungoja ukiwekwa kuwa sifuri, jibu hurudi papo hapo.

4.0 Pengo na Athari Zake

Tatizo huzuka baina ya jibu hilo na wito wa accept. Tuseme select imejibu kwamba yupo anayengoja, lakini seva ikachelewa kidogo kwa shughuli nyingine, na wakati huohuo mteja akatuma pakiti ya RST ya kuvunja muunganisho. W. Richard Stevens, katika kitabu chake UNIX Network Programming, alionyesha kwamba mifumo yenye asili ya BSD huuondoa muunganisho huo kwenye foleni bila kuiarifu programu. Ikiwa soketi iko katika hali ya kusubiri, accept hukwama mpaka atokee mteja mwingine, na wote waliomo ndani hukwama pamoja nayo.

Linux, kwa kawaida, hurudisha soketi hiyo hata hivyo, na kosa hujitokeza baadaye wakati wa kusoma au kuandika. Hata hivyo, pengo halijazibwa. Michakato miwili inayotumia soketi moja inaweza kupata jibu lilelile. Mmoja ukauchukua muunganisho uliopo, na wa pili ukakwama.

Suluhisho ni kuiweka soketi inayosikiliza katika hali ya kutosubiri kwa kutumia O_NONBLOCK, kisha kuita accept kwa kurudia hadi irudishe EAGAIN au EWOULDBLOCK, yaani foleni imekwisha. Makosa ya ECONNABORTED na EINTR hayapaswi kuiua seva. Huendelea na mzunguko. Kosa la EMFILE lahitaji uangalifu wa pekee: linamaanisha kwamba mchakato umemaliza vitambulishi vyake vya faili, ilhali muunganisho umebaki kwenye foleni. Select itaendelea kujibu kwamba yupo anayengoja, na seva itazunguka bure ikila muda wa prosesa, isipoacha kwa muda kuichunguza soketi hiyo.

5.0 Hitimisho

Uchunguzi wa miunganisho inayongoja humwezesha mwandishi wa programu kujua wakati unaofaa kujaribu kupokea; haumhakikishii kwamba jaribio litafaulu. Uthabiti wa seva, basi, hautokani na usahihi wa swali peke yake, bali na kuliandika jaribio kwa namna ambayo kushindwa kwake hakumdhuru mteja mwingine yeyote.