Uchumi wa Rwanda na Barabara ya Dar es Salaam

Wanafunzi wa mwaka wa kwanza huuliza kila mara: Kiswahili kitatusaidia nini Kigali, mahali ambapo sokoni watu huelewana kwa Kinyarwanda? Swali ni la haki, na jibu lake limo katika uchumi wenyewe.

Rwanda haina bahari. Sehemu kubwa ya shehena yake hupitia bandari ya Dar es Salaam, umbali wa kilomita 1,500 hivi, na nyingine Mombasa. Kwa hiyo katika bei ya kila mfuko wa sukari hapa mjini imo pia nauli ya lori na gharama ya siku za kungoja mpakani. Ndiyo sababu kituo cha pamoja cha Rusumo, kilichozinduliwa mwaka 2016 pamoja na daraja jipya, kilikuwa jambo kubwa: lori husimama upande mmoja tu wa mpaka.

Dira ya 2020, iliyotolewa mwaka 2000, ilikusudia kuifikisha nchi katika kipato cha kati. Uchumi ulikua upesi, lakini lengo la dola 1,240 kwa mtu kwa mwaka halikufikiwa, na tusisingizie UVIKO-19 peke yake. Hata mwaka 2019 lilikuwa mbali. Dira ya 2050 inataka zaidi ya dola 4,000 ifikapo mwaka 2035, na zaidi ya 12,000 ifikapo 2050.

Fedha hizo haziwezi kutoka katika soko la ndani peke yake, kwani sensa ya 2022 ilihesabu watu milioni 13 tu. Rwanda iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, Kiswahili kikawa lugha rasmi mwaka 2017, na Kongo ikajiunga na Jumuiya mwaka 2022.

Je, sisi walimu tunafundisha nini? Ngeli na ushairi, navyo ni vyema. Lakini mhitimu anayeshindwa kusoma ankara au kubishana juu ya ushuru wa forodha atapitwa na dereva asiye na cheti. (Yupo pia anayedhani gari ni igare, yaani baiskeli!) Napendekeza muhula ujao tuwapeleke wanafunzi kwenye bandari kavu ya Masaka, wazungumze na madereva wanaotoka Dar es Salaam na kurudi na orodha ya msamiati wao.