Herufi Nyembamba: Kwenye Fulana Bomba, Kwenye Kadi Noma!

Ukipita soko la Memorial pale Moshi, kwenye mitumba, tupa jicho mafungu ya fulana. Siku yako ikiwa nzuri utaopoa moja nyeusi imeandikwa Nirvana. Wapo mabrazameni kibao wanaoizimikia na hawajui hata wimbo mmoja wa wale jamaa! Kinachowavuta ni maandishi.

Herufi zile zinaitwa Onyx. Zilichorwa na Gerry Powell huko Marekani mwaka 1937, na Nirvana wakazibandika kwenye albamu yao ya Bleach mwaka 1989. Ni ndefu, zimebanana kama abiria wa Hiace ya Marangu jioni. Miguu minene kama nguzo, mistari ya kuunganisha ni uzi mtupu, halafu juu na chini zina vimkia vyembamba. Kwa mbali zinaita, kwa karibu zinakubana macho.

Sasa msomaji wangu, sisi Waswahili herufi za kubanwa tunazihitaji kuliko Mzungu. Lugha yetu inagandisha maneno. "Tutawakaribisheni" ni neno moja, Mwingereza anaandika manne. Bado hujaweka ukoo wa Ndesamburo kwenye bango la futi tatu! Herufi pana haitoshi, labda umalizie ukutani kwa jirani.

Onyx ilikuja na programu za Office, kwa hiyo imo kwenye kompyuta nyingi za steshenari. Hapo ndipo balaa linapoanzia. Kamati ya harusi Kibosho inataka kadi ya mchango iwe "ya kisasa", kijana wa steshenari anaimwaga Onyx kuanzia jina la bibi harusi hadi namba ya simu ya mweka hazina. Kadi inatolewa kopi, kopi nayo inatolewa kopi. Zile nyuzi zinapotea, zinabaki nguzo. Namba 0, 6 na 8 zinakuwa ndugu wa tumbo moja. Mjomba yuko Dar, anatuma laki yake kwa simu, haraka haraka, jina hasomi. Mchango umeota mbawa, na kwenye daftari la kamati mjomba anaonekana bahili. Kwa Wachaga hilo siyo jambo dogo jamani!

Wengine wanajifanya wajanja: wanachukua herufi ya kawaida na kuivuta kwa mausi mpaka ikonde. Usithubutu. Miguu inakonda, mistari ya kulala inabaki minene vilevile, herufi inaonekana imetoka kuumwa malaria. Herufi nyembamba ya kweli huchorwa upya moja moja, unene ukipimwa.

Onyx iachie kichwa cha kadi, maneno mawili matatu, makubwa. Majina ya kamati weka Times New Roman, iliyoanza kwenye gazeti la The Times la London mwaka 1932: nayo inabana nafasi, ila inasomeka ikiwa ndogo. Namba ya mweka hazina ikuze, na kama mashine ya kopi imechoka, iandike kwa kalamu.