Kwa Nini Betri Peke Yake Haiimbishi Kipaza Sauti



Katika njia ya kale ya misafara, itokayo Bagamoyo na kupita Tabora hata Ujiji ziwani, ngoma na baragumu ziliwapa watu habari ya kwamba wapagazi wa Kinyamwezi waondoka, au kwamba wafika. Mwaka 1912 reli ilifika Tabora, na mwaka 1914 ikafika Kigoma, na mizigo ikashuka mabegani mwa watu. Siku hizi habari hupita angani, na ngoma yake ni kipaza sauti kilichomo ndani ya redio, ambacho mafundi hukiita spika. Leo twataka kujibu swali tunaloulizwa mara nyingi na wanafunzi wetu. Redio hupata nguvu zake katika betri. Basi tukiunga betri moja kwa moja na spika, mbona hatusikii wimbo wala neno, ila mlio mmoja tu, "tak," kisha kimya?

Kwanza na tutazame spika ilivyo. Mbele pana karatasi ngumu yenye umbo la faneli. Nyuma yake pameshikizwa koili, yaani waya mwembamba uliozungushwa mara nyingi, nayo imening'inia katika nafasi nyembamba ya sumaku bila kuigusa. Mwaka 1820 Oersted, mtaalamu wa Denmark, aliona ya kuwa waya upitishao umeme huigeuza sindano ya dira; maana umeme na sumaku husukumana. Hivyo umeme ukipita katika koili kwa upande mmoja, koili husukumwa mbele. Ukipita kinyume, huvutwa nyuma. Na karatasi huifuata.

Sasa umeme wa betri waenda upande mmoja daima, wala haubadiliki. Ukiuunga, karatasi yasogea mara moja, kisha yasimama pale pale mpaka utakapouondoa. Lakini sauti ni mtikisiko wa hewa. Ili tusikie sauti ile ambayo wanamuziki hulinganishia vyombo vyao, karatasi haina budi kwenda na kurudi mara 440 katika sekunde moja. Weka kiganja juu ya ngozi ya ngoma, uikandamize, usiiachilie: ngozi yabonyea, wala hailii. Ndivyo ifanyavyo betri. "Tak" ya kwanza ni karatasi iliposogea. Ukiondoa waya, karatasi yarudi mahali pake, nawe wasikia "tak" ya pili.

Redio nayo hufanyaje? Betri yake ni kama maji ya mferejini, na vyombo vya ndani ni kama mtu ashikaye kilango cha mfereji, akikifungua na kukifunga kwa kufuata sauti iliyotoka kituoni. Nguvu ni ya betri, lakini mtikisiko ni wa sauti ya msemaji.

Jambo hili si la mchezo, kwa kuwa siku hizi nyumba nyingi zina betri ya volti 12, ya gari au ya kuwekea umeme wa jua. Tuhesabu. Spika iliyoandikwa omu 8 mara nyingi huuzuia umeme wa betri kwa omu 6 hivi tu, maana ile 8 ni kipimo cha umeme wenye kutikisika. Gawanya 12 kwa 6, wapata ampea 2. Zidisha kwa 12, wapata wati 24. Nguvu hizo zote zageuka kuwa joto ndani ya koili, nayo imesimama, haipepewi na hewa kama inapotikisika. Spika ndogo ya wati 5 haitastahimili: gundi yake yalainika, waya waungua, na fedha ambazo shule au kijiji kimechanga miezi mingi zapotea katika muda wa kitambo kidogo.

Lakini betri ndogo ya tochi, yenye volti 1.5, yafaa sana kwa kupimia. Kwa hesabu ile ile, yapitisha robo ya ampea tu. Iguse kwa sekunde moja. Ukisikia "tak," koili haikukatika. Tena tazama karatasi: ikisogea mbele, basi ncha iliyoguswa na upande wa kujumlisha wa betri ndiyo ya kujumlisha, itie alama. Mahali penye spika mbili, kama uwanjani au katika nyumba ya ibada, ziunge zote kwa alama hizo. La sivyo, moja itasukuma hewa wakati mwenziwe anapoivuta, na sauti nzito zitapotea katikati yao.

Basi, kabla ya kuunga waya wo wote, mwulize fundi wako swali hili: umeme huu watikisika, au umesimama? Kwa herini.