KODI YA CHUMBA NA MTOTO WA MVUVI

Mzazi wa kisiwa cha Rukuba anayempeleka mwanawe katika Chuo cha Maendeleo ya Jamii Buhare, Musoma, akikosa bweni hukutana na kodi ya chumba, na mara nyingi hudaiwa ya miezi sita kwa mkupuo. Mvuvi hupata riziki kwa usiku mmoja mmoja. Fedha hiyo ataitoa wapi?

Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi kupangisha nyumba. Sharti hilo likalegezwa Zanzibar mwaka 1991. Sheria ya kudhibiti kodi ya 1984 nayo ilifutwa 2005. Leo mwenye kupanga sera aweza kuwa ndiye mwenye nyumba.

Hatumnyimi mwenye nyumba haki ya jasho lake. Twasema: kodi ipokelewe kwa mwezi, na mabweni yajengwe. Elimu isiwe ya wenye akiba peke yao.