Bidoni Iliyopasuka Yazaa Mboga

Kila mkaaji wa Bukavu ajua yatokeayo mvua inyeshapo. Maji yateremka vilimani kwa nguvu, yazoa kila kilichotupwa mitaroni, na chupa za plastiki zafika katika ziwa Kivu zikielea makundi makundi. Toka ziwani zavutwa na mto Ruzizi hadi kwenye bwawa la umeme lililojengwa mwishoni mwa miaka ya 1950. Huko huziba njia ya maji, mitambo ikasimama, na mji ukakosa taa.

Leo, wasomaji wapenzi, hatutaki kumlaumu mtu. Twataka kusema na baba na mama wa jamaa wasio na shamba. Nyumba za vilimani zimebanana. Ua uliobaki hautoshi hata mstari mmoja wa lengalenga, na kila siku mama hana budi kutoa franka sokoni kwa kifungu cha mboga. Basi, baadhi ya plastiki hizo zaweza kugeuzwa kuwa shamba dogo lisilohitaji udongo. Ufundi huo waitwa hidroponiki.

Msidhani ni uchawi. Katika miaka ya 1860 wataalamu wawili wa Ujerumani, Julius von Sachs na Wilhelm Knop, walionyesha kwamba mmea waweza kukua katika maji, mradi maji hayo yawe na chumvi za madini ambazo mizizi huzitafuta ardhini. Baadaye Bernard Kratky, wa chuo kikuu cha Hawaii, alieleza njia isiyohitaji umeme wala pampu. Hiyo ndiyo itufaayo sisi.

Siri yake ni hewa. Mmea unywapo, maji yashuka, na juu yake pabaki nafasi. Mizizi ya juu yapumua katika nafasi hiyo, ya chini yaendelea kunywa. Kwa hiyo asiwepo mtu wa kuyajaza maji tena mpaka juu kwa kuuhurumia mmea! Mizizi iliyozoea hewa ikizamishwa yote, huoza.

Sasa chombo. Watu wengi huchukua chupa ya maji ya lita moja na nusu, lakini saladi moja hunywa kama lita 4 kabla ya kuvunwa, na chupa hiyo hukauka mapema. Afadhali bidoni ya manjano ya mafuta, ya lita 20. Si ile nzima, maana hiyo ni mali, watoto waenda nayo kuchota maji. Twasema ile iliyopasuka shingoni au ubavuni, iliyokwisha kutupwa. Ioshwe kwa maji ya moto na sabuni mpaka harufu ya mafuta iishe. Bidoni iliyowahi kutiwa dawa ya wadudu isiguswe kabisa, hata ikioshwa mara kumi.

Ilazeni kwa ubavu wake mpana, ufa ukiwa juu. Kwa kisu kateni matundu manne ya mviringo, yakiachana kama sentimeta 20. Kisha twaeni chupa ndogo za nusu lita, mzikate katikati, na nusu ya juu ya kila moja igeuzwe, shingo chini, iingie tunduni bila kupita. Hicho ndicho kikombe cha mmea. Ondoeni kifuniko, mtie kitambaa cha pamba mdomoni kifike majini, na kwa msumari wa moto toboeni pande zote. Kazi hiyo ifanyike nje, kwa kuwa moshi wa plastiki ni mbaya. Ndani ya kikombe wekeni kokoto nyeusi za volkano, zile nyepesi zitokazo Goma, zilizooshwa vizuri, na mche wenye majani matatu au manne. Maji ya kwanza yaguse sehemu ya chini ya kikombe tu.

Bidoni ya manjano hupitisha mwanga, na mwanga huzaa ukungu wa kijani unaokula chakula cha mmea. Ifunikeni kwa gunia au muipake rangi nyeusi, kisha nyeupe juu yake ili jua lisichemshe maji. Ufa na kila nafasi kando ya vikombe vizibwe kwa kitambaa. Tusipofanya hivyo tutakuwa tumefuga mbu uani, na homa ya malaria ni ghali kuliko mboga.

Ugumu wa kweli uko kwenye mbolea. Urea pekee haifai, kwa kuwa mizizi iliyo majini hutaka hasa nitrati. Na samadi huoza majini, ikamaliza hewa. Yatakiwa mbolea inayoyeyuka yote, pamoja na nitrati ya kalsiamu. Hizo mbili zisichanganywe zikiwa nzito, zitagandamana chini kama chokaa. Kila moja iyeyushwe peke yake katika maji mengi. Bei yake si ndogo, hivyo majirani watatu au wanne wanunue pamoja. Na kwa mihogo, viazi au mahindi msijisumbue: njia hii ni ya mboga za majani.

Saladi huwa tayari baada ya wiki 5 au 6. Maji yanayobaki yamwagwe kwenye shina la mgomba, na bidoni isuguliwe kwa sabuni kabla ya kupanda tena.