Punje mbovu za mahindi zisirudi jikoni

MKULIMA wa Mbinga anapochambua mahindi ya kuuza, punje zilizooza au kubadilika rangi huzitenga. Mnunuzi hazitaki. Lakini chakula hakitupwi ovyo, hivyo punje hizo huishia mashineni kusagwa unga wa nyumbani, kwenye pombe ya kienyeji au kwa kuku.

Hapo ndipo penye hatari. Kuvu wanaoota kwenye mahindi na karanga hutoa sumu iitwayo sumukuvu. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeiweka katika kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Hushambulia ini, na mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B yumo hatarini zaidi.

Sumu hiyo haionekani kwa macho, na kupika hakuimalizi. Ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka mingi huweza kuleta saratani. Ikiliwa nyingi huua upesi. Mwaka 2004 iliua watu 125 nchini Kenya. Mwaka 2016 watu wapatao 20 walifariki katika mikoa ya Dodoma na Manyara.

Hata soko huumia. Machi 2021 Kenya ilizuia kwa muda mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu.

Kinga huanzia kwenye kukausha. Milimani Umatengo, baridi na umande huchelewesha mahindi kukauka. Mwambao wa Ziwa Nyasa jua lipo, lakini mazao yakianikwa chini hunyonya unyevu wa ardhi. Kote huko, turubai au chanja ni bora.

Kupima ukavu hakuhitaji mashine. Tia punje na chumvi kavu kwenye chupa kavu ya kioo, funika, tikisa, kisha subiri dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye chupa, mahindi bado mabichi. Yakikauka, yahifadhiwe katika mifuko isiyopitisha hewa, juu ya vichanja.

Uangalifu zaidi unahitajika kwenye uji wa lishe wa watoto, kwani mara nyingi huchanganywa mahindi na karanga, mazao mawili yanayoshambuliwa zaidi. Watoto pia wapate chanjo ya homa ya ini kliniki.

Kufukia debe la punje mbovu ni hasara, lakini ni hasara ya msimu mmoja. Ini likishaharibika, hakuna mavuno yatakayolirudisha.